Njia Alizotupitisha Baba

Msiba unapokwisha na turubai kufunguliwa, nyumba nyingi hubaki na vitu vitatu vya marehemu: picha ukutani, koti nyuma ya mlango na kaburi lililosakafiwa. Baada ya mwaka mmoja koti limepewa mtu, na watoto wadogo hupita mbele ya picha bila kuuliza ni nani. Sisi akina mama ndio tunaobaki na kazi ya kumweka marehemu nyumbani. Je, tunaifanyaje?

Wapendwa wasomaji, leo tunapenda kuwashirikisha njia iliyotusaidia sisi, watoto sita wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyefariki mwaka 2019. Tulirudia safari zake.

Mwalimu wa kuhamahama

Baba yetu alifundisha Mbulu, Dongobesh, Haydom, Basotu na mwisho Katesh. Wakati huo wilaya za Mbulu na Hanang zilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Kila likizo ya Desemba tulitoka Katesh kwenda kwa bibi, Mbulu, tukipitia Basotu na Haydom. Barabara ilikuwa ya vumbi, na mvua ikinyesha ilikuwa ya tope. Mara nyingi tulipanda lori, tukakaa juu ya magunia tumejifunika blanketi moja.

Baba hakuturuhusu kusinzia. Alitaka tujue jina la kila kilima na kila kijito. Alituonyesha Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na Ziwa Balangida chini yake, ambako watu huchota chumvi maji yakikauka. Alitufundisha kusalimia Kiiraqw, Kibarbaig na Kinyaturu, akisema kwamba asiyejua salamu ya jirani yake ni mgeni hata kwao. Maneno hayo tuliyaelewa tulipokua. Katika eneo hili wanaishi Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wabarbaig wenye lugha ya Kiniloti, Wanyaturu ambao ni Wabantu, na upande wa Yaeda wako Wahadzabe, ambao lugha yao haina ndugu.

Pale Basotu alituonyesha mashamba makubwa ya ngano ya serikali, yaliyolimwa kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970. Alitueleza pia kilio cha Wabarbaig waliopoteza malisho yao. Wazee wao wanaoheshimiwa hujengewa kichuguu juu ya kaburi, na sherehe yake huchukua miezi mingi. Baadhi ya vichuguu hivyo vilipitiwa na matrekta. "Mtu akilima kaburi la mwenzake," Baba alisema, "amemzika mara ya pili."

Jambo moja hatukulielewa. Karibu na Ziwa Basotu, Baba alimwomba dereva asimame. Alishuka peke yake, akatembea kuelekea majini, akarudi baada ya dakika chache. Mama hakushuka. Tulidhani anakwenda kujisaidia.

Mama aliyenyamaza

Baada ya mazishi Mama alirudia kazi zake. Alikwenda kanisani, alilisha kuku, alipokea wageni. Lakini jina la Baba halikutoka mdomoni mwake. Wajukuu walipouliza habari za Ako, aliwatuma maji. Presha yake ikawa inapanda na kushuka, usingizi ukawa haba, na kliniki alijibu kila swali kwa neno moja: "Sijambo."

Katika kazi ya uuguzi tumewaona wajane wengi wa namna hii. Dawa ya presha wanameza, lakini mzigo wenyewe hauna kidonge. Ndipo tulipokubaliana kuchanga fedha, tukakodi gari dogo, na mwezi Juni 2024 tukamchukua Mama na wajukuu watano kutoka Mbulu hadi Katesh, njia ile ile tuliyoipita tukiwa watoto.

Dongobesh alicheka kidogo alipoiona shule ambako Baba alianguka na baiskeli mbele ya wanafunzi wake. Haydom tulisimama kwenye Hospitali ya Kilutheri, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, ambako wawili wetu tulizaliwa. Mama aliwaonyesha wajukuu mahali Baba alipokesha usiku kucha akisubiri habari.

Tulipofika Basotu, ni Mama aliyesema, "Simamisha gari."

Alishuka akishika mkono wa mjukuu wake mkubwa. Karibu na ziwa kuna shamba la mahindi la watu. Akasimama kando yake na kusema: "Hapa ndipo alipo kaka yenu wa kwanza."

Hatukuwa tumewahi kusikia habari hiyo. Alizaliwa mwaka 1973 na kufa mwaka uliofuata kwa surua. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza mwaka 1975. Sisi tunaochoma watoto sindano ya surua kila wiki tulisikia uzito wa mwaka huo mmoja.

Kwa nini walinyamaza? Katika mila za zamani za Wairaqw, mama aliyefiwa na mtoto alitengwa kwa muda mrefu. Hakukaa na wenzake, hakula nao, kwa hofu kwamba mkosi utawafikia wengine. Mama alipita katika kutengwa huko akiwa binti wa miaka 21. Alipotoka, aliamua kutotamka neno lolote. Baba aliheshimu uamuzi huo kwa miaka 45, ila kila mwaka alisimamisha lori.

"Yeye ndiye aliyekuwa anamwamkia kwa niaba yangu," Mama alituambia. "Alipokufa nikajiuliza, sasa nani atasimama hapa?"

Tulikaa pale karibu saa nzima. Alitaja jina la mtoto, na wajukuu wakalirudia. Hakutaka saruji wala msalaba katika shamba la watu. Alitaka jina lijulikane, basi. Tukakumbuka kwamba Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yachukuliwe kutoka Yordani, ili siku moja watoto waulize maana yake. Sisi tuliojihesabu sita, tu saba.

Katesh

Tulimaliza safari Katesh, ambako tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80 katika mji huo na vijiji vya jirani kama Gendabi. Mama mmoja aliyekuwa jirani yetu zamani alifiwa siku hiyo. Wote wawili waliketi kwenye mkeka, wakazungumza hadi jioni. Mama yetu, aliyekuwa hana maneno, ndiye aliyekuwa akifariji.

Presha yake bado anaitibu, na bado kuna usiku anaoamka. Lakini jina la Baba sasa linatajwa mezani, na la kaka yetu pia.

Kama ungependa kufanya hivyo

Si lazima kukodi gari. Basi la abiria linatosha, hata kituo kimoja tu. Muulize mzee wako mwenyewe anataka kupita wapi, wala usimlazimishe kushuka mahali asipotaka. Chukua dawa zake za siku zote, maji ya kunywa na nguo za baridi, kwa maana Mbulu kuna baridi kali. Simameni mara kwa mara anyooshe miguu. Wape watoto daftari waandike majina ya mahali na ya watu. Na kama aliyefiwa ni mume wako, mwache aende kwao akaomboleze mzazi wake. Usihesabu nauli hiyo kuwa hasara.

Zaidi ya yote, msisubiri msiba. Kama wazazi wako wangali hai, safiri nao likizo hii. Na wakisimamisha gari mahali usipopajua, shuka nao, uulize.