Baiskeli ya babu: Vipuri vya kuhifadhi na vya kutupa

KABLA ya pikipiki kutamalaki barabara za Kenya, baiskeli nzito nyeusi, maarufu kama Black Mamba, ndiyo iliyobeba mitungi ya maziwa, magunia ya makaa na hata wagonjwa. Ndiyo pia iliyozaa jina bodaboda katika miaka ya 1960 huko Busia, ilipokuwa ikivusha abiria mpakani kati ya Kenya na Uganda.

Leo nyingi kati ya baiskeli hizo zimeegemezwa ukutani mashambani, zikiliwa na kutu. Mjukuu anayetamani kuifufua ile ya babu yake hukabiliwa na swali moja: anunue vipuri vipya vyote, au avitumie vilivyopo?

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Anayetupa kila kilichochakaa huenda akagundua kuwa kipya alichonunua hakiingii. Sababu ni vipimo. Raleigh nyingi zilizoundwa Nottingham, Uingereza, zilikuwa na hesi, yaani mikato ya skrubu, 26 kwa kila inchi mahali panapofungwa ekseli ya pedali. Kipimo cha kawaida cha Uingereza kilikuwa 24. Kikombe cha hesi 24 kikilazimishwa humo, huharibu fremu ambayo ingedumu miaka mingine mingi.

Magurudumu nayo yana hesabu yake. Baiskeli za Uingereza za aina hiyo kwa kawaida zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, ilhali rimu nyingi za siku hizi zina matundu 36. Kwa hivyo habu ya kale ambayo ingali nzima ni mali, na haifai kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Zile za Sturmey-Archer mara nyingi huwa na tarakimu za mwaka zilizogongwa kwenye chuma, hivyo humsaidia mwenyewe kujua umri wa baiskeli yake.

Kufungua bila kuvunja

Vipuri vingi vya kale haviuawi na umri bali na spana. Nati iliyoshikwa na kutu hupakwa mafuta mepesi na kuachwa usiku kucha, kisha hujaribiwa tena kwa upole. Aidha, kuna sehemu mbili zinazowahadaa wasiozoea: pedali ya kushoto, na kikombe cha ekseli kilicho upande wa kulia katika baiskeli za Kiingereza. Hizi hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia, kinyume cha skrubu za kawaida. Anayezikaza akidhani anazilegeza huishia kukata hesi.

Baada ya kufunguliwa, kila kipuri hustahili kuchunguzwa kwa kigezo kimoja: kikivunjika baiskeli ikiwa mwendoni, mpandaji atapatwa na nini?

Kengele, keria, matapakazi, kifuniko cha mnyororo na taa ya dinamo vikishindwa kufanya kazi, kwa kawaida madhara huwa madogo mradi tu vimefungwa imara. Hivi vyaweza kurudishwa hata vikiwa na makovu. Kutu nyepesi juu ya kromu huondolewa kwa kusuguliwa na karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji.

Uma wa mbele, usukani, mikono ya pedali na breki ni jambo jingine. Uma uliowahi kupinda kisha ukanyooshwa kwa nyundo haufai kuaminiwa, hata uking’aa namna gani. Vivyo hivyo usukani uliolika kwa kutu mahali unapobanwa. Fremu yenyewe hupimwa kwa uzi. Uzi hufungwa nyuma, mahali ekseli inapokaa, ukazungushwa mbele ya bomba la usukani na kurudishwa hadi upande wa pili. Nafasi kati ya uzi na bomba la kiti isipolingana pande zote mbili, fremu imepinda.

Visivyorudishwa

Kuna vipuri ambavyo fundi mwangalifu hatavirudisha kamwe. Cha kwanza ni kota, kile kipini kinachofunga mkono wa pedali kwenye ekseli. Kipini hicho huumbuka kwa mzigo na mapigo ya nyundo, na kikirudishwa hulegea. Cha pili ni gololi. Ekseli ya pedali kwa kawaida huhitaji gololi 11 za robo inchi kila upande, na bei yake ni nafuu mno kuweza kuhatarisha vikombe ambavyo havipatikani kwa urahisi. Cha tatu ni mipira ya breki, kwa kuwa hukauka, na kwenye rimu ya chuma iliyolowa mvua huteleza tu.

Mnyororo hupimwa kwa rula. Pingili 24 za mnyororo mpya zina urefu wa inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya nane, mnyororo umechoka na utatafuna meno ya gurudumu lake.

Rangi nayo isiharakishwe kukwanguliwa. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imefifia, haiwezi kurejeshwa ikishaondoka. Isitoshe, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na kuzipiga msasa zikiwa kavu hutimua vumbi lenye sumu, hasa kwa watoto.

Tandiko la ngozi lililokauka hupakwa nta ya ngozi kidogo kidogo. Likiwa limepasuka kabisa, heri liwekwe lingine.

Hata hivyo, kipuri asilia kilichoondolewa hakipaswi kuishia jaani. Kikitiwa mkebeni na kuandikwa jina, kitakuwa kielelezo kwa fundi atakayekuja kukichonga kingine. Akiba haiozi.