Usiuze Kuku Wako Mdogo

Siku hizi vikundi vingi vinanunua kuku wakubwa, wa gredi au wa kienyeji walioboreshwa. Hilo ni jambo jema. Lakini wengine wakishawapata hao, wanauza wale wadogo wote wa nyumbani wakisema hawana faida. Hapo ndipo shida huanza.

Kuku walioboreshwa hutaga sana, lakini wengi wao hawalalii mayai. Ukibaki nao peke yao, itabidi ununue vifaranga kila mara au utafute mashine. Kuku mdogo wa kienyeji hulalia siku 21 bila mafuta wala stima, kisha huwalinda vifaranga. Mwekee mayai ya kuku mkubwa, ila yasizidi yale anayoweza kufunika: saba au manane yatosha. Yakizidi, ya pembeni hupata baridi na kuharibika.

Basi, utawawekaje pamoja?

1. Chakula. Mkubwa humfukuza mdogo. Weka vyombo viwili mbalimbali. Kimoja kizungushie fito zenye nafasi ya kupitisha mdogo tu.

2. Kulala. Wadogo hupenda kuruka juu. Wakubwa ni wazito na huumia miguu wakiruka chini. Wawekee mti wao chini, kama futi moja na nusu.

3. Jogoo. Jogoo mzito humchubua kuku mdogo mgongoni. Ukiona manyoya yameisha na kuna vidonda, watenganishe.

4. Wageni. Kuku uliyemnunua sokoni asichanganywe na wengine siku hiyo hiyo. Mtenge wiki mbili au tatu umwangalie.

5. Chanjo. Ugonjwa wa Newcastle hauchagui mkubwa wala mdogo. Unaweza kumaliza boma zima, na hauna dawa. Wengi huchanja wa gredi tu, kwa sababu waliwanunua kwa pesa nyingi. Hilo ni kosa. Chanja wote siku moja, wakiwa wazima, kisha rudia kila miezi mitatu. Chupa moja hutosha kuku wengi, na ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Kwa hiyo changeni pesa, chagueni siku, mpite boma kwa boma.

Kabla hujapeleka yule mdogo sokoni, ulizaneni kwenye mkutano wenu: akienda, nani atalalia mayai?