Muhuri Halali, Sumu Ndani

Saini ilikuwa halali. Mtu aliyepakua toleo la 5.6.0 la XZ Utils mwishoni mwa Februari 2024, akafuata kila hatua anayofundishwa mtu mwangalifu, akaichukua saini ya kidijitali iliyoambatana na kifurushi na kuipima kwa ufunguo wa mtoaji, alipata jibu la kumtuliza moyo: kifurushi kimetoka kwa mwenyewe, hakuna aliyekigusa njiani. Na ni kweli, njiani hakuna aliyekigusa. Aliyekitia sumu ndiye aliyekipiga muhuri.

XZ ni programu ndogo ya kubana mafaili ili yachukue nafasi kidogo. Wengi hawajapata hata kuisikia, lakini imo katika karibu kila kompyuta ya kawaida inayoendeshwa na Linux, na Linux ndiyo iliyobeba seva nyingi za dunia. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuunakili na kuurekebisha. Tusidhani haya ni mambo ya mbali. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na DHIS2, kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, ndiyo inayokusanya takwimu za vituo vya afya Kenya na Tanzania. Zote mbili ni huria, na zote zimesimama juu ya programu nyingine huria, ambazo nazo zimesimama juu ya nyingine tena. Muuguzi anayeingiza idadi ya watoto waliochanjwa wiki hii amewaamini watu mamia kwa mamia asiowajua hata kwa jina.

Mmoja wa watu wa namna hiyo alijiita Jia Tan. Nani hasa alikuwa nyuma ya jina hilo, haijawahi kutangazwa. Alianza kutuma marekebisho madogo kwa mradi wa XZ mwishoni mwa 2021, na kazi yake ilikuwa safi. Mtunzaji wa XZ, Lasse Collin wa Ufini, alikuwa ameibeba programu hiyo kwa miaka mingi, karibu peke yake, bila mshahara. Mwaka 2022 yakazuka majina mengine mapya, yasiyo na historia popote, yakimlaumu: marekebisho yanachelewa, mradi umedorora, mpe mwingine kazi. Juni mwaka huo Collin aliwajibu kwa ukweli unaouma kuusoma. Alisema uwezo wake wa kuushughulikia mradi umepungua kwa sababu ya matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kwamba kazi yenyewe ni ya kujitolea, hailipwi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Collin alikuwa mwenyeji anayemhitaji mgeni hasa, na mgeni alikuwa ameshafika, mpole, mchapakazi, asiyechoka. Kufikia Machi 2023 Jia Tan alikuwa anatoa matoleo mwenyewe.

Kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzito kuliko zote, nzito kuliko hata ufundi uliofuata. Katika programu huria mtu haaminiwi kwa cheo wala kwa kitambulisho, anaaminiwa kwa kazi: analeta, inakaguliwa, inakubaliwa, analeta tena. Ni utaratibu mzuri, umetupa vitu vikubwa. Jia Tan aliufuata hatua kwa hatua kwa zaidi ya miaka miwili, na funguo akapewa mkononi.

Sasa tuingie jikoni. Msimbo wa programu huria hukaa kwenye ghala la wazi ambako kila badiliko huonekana: nani kalifanya, lini, mstari upi. Lakini toleo lenyewe, lile ambalo wasambazaji wa Linux, Debian, Fedora na wenzao, hulichukua kwenda kulijenga, kwa miaka mingi limekuwa kifurushi ambacho mtunzaji hukifunga kwenye kompyuta yake na kukipandisha kwenye intaneti. Kwa desturi kifurushi hicho huwa na mafaili ya ziada yasiyokuwamo ghalani, yanayozalishwa na zana za ujenzi ili kumrahisishia kazi atakayejenga. Ni maandishi marefu, yanachosha, na kila fundi anajua kuwa kifurushi hakiwi sawa na ghala. Kwa hiyo tofauti haikumshtua mtu. Jia Tan akapachika mistari yake humo humo, katika faili liitwalo build-to-host.m4. Sumu yenyewe alikuwa ameshaihifadhi ghalani, mbele ya macho ya wote, ikijifanya mafaili ya majaribio: data iliyobanwa, ambayo binadamu haisomi kwa macho. Maagizo ya kuifungua yalikuwa kwenye kifurushi peke yake. Aliyekagua ghala aliona jiko safi. Chakula kilikuja kimefunikwa kawa, na kawa hakuna aliyeifunua.

Kilichopikwa ni mlango wa uani uliojificha ndani ya XZ na kufungukia OpenSSH, programu ambayo wasimamizi huitumia kuingia kwenye seva wakiwa mbali. Mwenye ufunguo wa siri angeingia bila nywila na kuamuru atakalo.

Aliyemfumania Jia Tan ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Hakuwa akiwinda wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake, akaona kuingia kwa OpenSSH kunachelewa kama nusu sekunde, akaanza kufukua. Machi 29, 2024 akatangaza hadharani alichokikuta. Toleo lilikuwa limeshafika kwenye matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, na kwenye tawi la openSUSE linalosasishwa mfululizo, lakini matoleo ya kudumu yanayoendesha seva nyingi yalikuwa hayajaguswa.

Wapo waliosema tukio hili limethibitisha kuwa kilicho wazi ni hatari. Sikubaliani nao. Freund hakuwa mtu wa mradi wa XZ. Aliweza kufukua mpaka mwisho kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi kufukuliwa, na kama angekuwa anatazama programu iliyofungwa angebaki na nusu sekunde yake na kushangaa. Ila siwezi pia kuwaunga mkono wanaosema kwamba macho ya wengi yalifanya kazi yake. Yalikuwa macho ya mtu mmoja, siku moja, akitafuta kitu kingine kabisa.

Basi mtumiaji aamini nini? Saini hujibu swali moja tu, nani amefunga mzigo, na tunaibebesha maswali isiyoyaweza. Bado ina kazi yake. Februari 20, 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint, wakageuza kiungo cha kupakulia ili kiwapeleke watu kwenye nakala yenye mlango wa siri. Miradi mingi huandika kando ya kiungo alama ya faili, mara nyingi herufi na tarakimu 64, ili mpakuaji apime nakala yake. Lakini aliyeiteka tovuti anaweza kuibadilisha alama hiyo pia. Saini ya ufunguo unaotunzwa mbali na tovuti hawezi kuighushi. Huo ulikuwa wizi wa mlangoni, na dhidi ya wizi wa mlangoni saini ni kinga.

Dhidi ya mwenye nyumba mwenyewe kinahitajika kitu kingine, na njia ninayoiamini zaidi ni ile ambayo watu wa Debian wameishughulikia tangu 2013: kujenga kwa namna inayoweza kurudiwa. Mtu aliye Mombasa na mwingine aliye Berlin, wasiojuana, wachukue msimbo uleule, wafuate maagizo yaleyale, na programu wanazopata zifanane mpaka biti ya mwisho. Linasikika jambo dogo, kumbe lina usumbufu mwingi. Kompyuta hupenda kuandika tarehe ndani ya kila kitu inachokijenga, hupanga mafaili kwa utaratibu wake, huacha hata jina la folda ilimofanyia kazi. Kila alama ya namna hiyo imelazimika kutafutwa na kuondolewa, kifurushi baada ya kifurushi. Wajenzi wa Bitcoin Core, programu ya sarafu ya Bitcoin, hufanya hivyo kwa kila toleo: watu kadhaa hujenga, kila mmoja kwake, kila mmoja hutia saini matokeo, na matokeo hulinganishwa hadharani. Hapo hata mtoaji mkuu akigeuka, mzigo wake hautafanana na wa wenzake.

Lakini niseme wazi kwamba kwa XZ hilo peke yake lisingetosha. Wa Mombasa na wa Berlin wangechukua kifurushi kilekile na wote wawili wangepata sumu ileile, sawasawa mpaka biti ya mwisho. Ilipasa waanzie ghalani, na kifurushi chenyewe kiweze kutengenezwa upya kutoka ghalani na yeyote. Mtoaji anayetaka kuaminiwa leo aanzie hapo: asikabidhi kitu ambacho mwingine hawezi kukipika upya.

Na jikoni kuna mpishi. Kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa katika OpenSSL Aprili 2014, ulimwengu ulishtuka kusikia kwamba programu inayolinda mawasiliano ya mabenki na serikali ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Makampuni makubwa yalichanga, mfuko ukaundwa. Miaka 10 baadaye Collin alikuwa bado anaibeba XZ bila malipo, na waliomsogelea wakati amechoka walikuwa ni wale wenye nia mbaya. Kwa nini hawakuwa wengine waliomfikia kwanza, katika makampuni yote yanayoitumia kazi yake kila siku? Swali hilo linanisumbua kuliko faili lolote la majaribio.

Collin alirudi kazini. Akayapitia mabadiliko ya mwenzake wa jana, na Mei 29, 2024 akatoa toleo la 5.6.2. Maelezo ya toleo hilo yanasema bila kuzunguka kwamba mlango wa siri umeondolewa, na namba uliyosajiliwa nayo, CVE-2024-3094, imeandikwa papo hapo.