Dawa ya Malaria: Jani na Hamira



Mvua ikinyesha hapa Kambu mbu huzaana, na malaria haikawii. Ukipimwa ukapatikana nayo, unapewa vidonge vya AL, ambavyo wengi huita Coartem. Wenzetu wa mwethya wametuuliza: dawa hii hutoka wapi? Na tukipanda mmea wake, tutapata pesa?

Dawa kuu iliyo ndani ya AL hutokana na mmea wa artemisia, ambao asili yake ni China. Mwaka 1972 Tu Youyou na wenzake waliitoa humo ile artemisinini inayoua vijidudu vya malaria.

Mmea huijenga vipi? Ndani ya jani mna vimeng'enya. Hawa ni kama mafundi wa nyumba: mmoja akimaliza, mwingine anaendelea, na kila mmoja ana kazi yake tu. Wanaanza na sukari ambayo mmea umejitengenezea kwa jua. Mmoja anakunja umbo, mwingine anatia oksijeni, na mwisho mwanga wa jua na hewa hukamilisha. Lakini dawa ni kidogo: kilo 100 za majani makavu hutoa kama kilo 1, mara nyingi hata chini ya hapo.

Sasa, hamira. Hamira ya mandazi ni kiumbe hai kinachokula sukari. Huko Marekani, Jay Keasling na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichukua jeni za artemisia, yaani maagizo ya kutengeneza wale mafundi, wakazitia ndani ya hamira. Mwaka 2006 walitangaza kwamba hamira hiyo imetengeneza asidi ambayo hugeuzwa kuwa artemisinini. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza kazi hiyo kiwandani huko Garessio, Italia. Hamira ya dukani haiwezi, kwa sababu haina maagizo hayo.

Je, hamira imemshinda mkulima? La. Dawa ya majani ilishuka bei ikawa rahisi kuliko ya hamira. Lakini urahisi huo aliulipia mkulima. Kufikia 2005 bei ilikuwa imepanda sana, watu wengi wakapanda, hata Afrika Mashariki. Kufikia 2007 ikawa imeanguka, na wengi wakaachwa na majani yao.

Kwa hivyo tunashauri:

1. Mtu akiwaletea mbegu za artemisia, mwulizeni mnunuzi ni nani na bei ni gani, na iwe kwa maandishi. Msing'oe ndengu kwa maneno matupu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

2. Chai ya majani haya si tiba. Shirika la Afya Duniani halikubali itumike, kwa maana kipimo chake hakijulikani, na dawa kidogo huwafanya vijidudu kuwa sugu.

3. Maliza dozi yote: mara mbili kwa siku, siku 3, hata ukijisikia umepona.

Lijadilini hili katika mkutano wenu ujao.