Masika ya Kisenyi: Raha Ndogondogo za Mvua na Maneno Yake

Kila mwaka, sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Kampala hukutana na insha ileile. Mwanafunzi ameambiwa aeleze majira ya mwaka mjini kwake. Naye, akiwa amezaliwa na kukulia hapahapa, anaandika kwamba mwezi wa Julai ni kipupwe, upepo wa kusi unavuma na wavuvi wanasubiri bahari itulie. Insha hiyo haina makosa ya sarufi. Kasoro yake ni kwamba Kampala haina bahari, wala kusi haivumi Kisenyi. Mwanafunzi ameinakili pwani kutoka kitabuni kwa sababu hakuwahi kuambiwa kwamba Kiswahili kinaweza pia kuusema mtaa wake.

Kwa sababu hiyo, idara yetu ina desturi ya kuwachukua wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenda Kisenyi wakati wa mvua, wala hatungoji kiangazi. Wenzetu wengine hutushangaa. Kisenyi si mahali ambapo mtu mwenye viatu safi huenda kwa hiari mwezi wa Aprili. Hata hivyo, tumeona kwamba msamiati wa mvua haufundishiki vizuri ndani ya chumba kikavu.

Tuanze na majira yenyewe. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo joto halibadiliki sana kati ya Januari na Desemba, na kinachougawa mwaka ni mvua. Jua hupita juu ya ikweta mwezi wa Machi na tena Septemba, na ukanda wa mawingu ya mvua hulifuata. Ziwa Viktoria, lililo karibu, huongeza unyevu wake. Matokeo yake ni misimu miwili ya mvua. Waganda huita ule wa Machi hadi Mei "ttoggo", na ule wa kuanzia Septemba hivi hadi Novemba "ddumbi". Kipindi cha ukavu huitwa "ekyeya". Mwalimu akiyaandika hayo ubaoni, kazi imekwisha kufika nusu: ttoggo ni masika, ddumbi ni vuli (ingawa vuli ya pwani huchelewa kidogo kuanza), na ekyeya ni kiangazi. Kaskazi na kusi tuwaachie wenye majahazi.

Hapo ndipo huzuka swali la neno "kiangazi". Wafasiri wengi hulitumia kwa msimu wa joto wa Ulaya, nasi tumezoea. Lakini kiangazi asili yake ni kipindi cha jua na ukavu, na si kila penye joto pana ukavu. Salala, kusini mwa Omani, hupata manyunyu na ukungu kuanzia Juni hadi Septemba, wakati sehemu nyingine za Omani zinaungua kwa jua. Kumwita mtu wa Salala aliyelowa chepechepe kwamba yuko "kiangazi" ni kumdhihaki. Ushauri wetu kwa wanafunzi wa tafsiri ni kusema "majira ya joto" pale joto linapohusika, na kuliacha neno kiangazi libaki na ukavu wake.

Sasa twende Kisenyi. Kwa asiyepajua, ni bonde lililo kati ya kilima cha Mengo na katikati ya jiji, jirani na soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, na si mbali na mfereji wa Nakivubo unaopeleka maji ya jiji ziwani. Jina lenyewe kwa Kiganda linahusiana na ardhi ya bondeni yenye majimaji, na mvua ikinyesha utaelewa kwa nini. Mna mashine za kusaga mahindi, wauza vyuma chakavu, kituo kikubwa cha mabasi yaendayo wilaya za mbali, na maduka na mikahawa ya Wasomali, ambao wameufanya mtaa huu kuwa makao yao makuu mjini. Kwa mwalimu wa Kiswahili, Kisenyi ni hazina: Msomali aliyepitia Nairobi, Mkongo, dereva wa lori kutoka Kenya na mchuuzi kutoka Arua wanapokutana, aghalabu lugha yao ya kupatana bei ni Kiswahili.

Saa nane mchana kabla ya mvua huwa kuna fukuto. Tunalipenda neno hili na tunasikitika kwamba wanafunzi wengi hawalijui. Husema tu "joto". Fukuto ni joto zito lisilo na upepo, joto linalokufanya uhisi umevaa blanketi lenye majimaji. Mabati yanawaka, moshi wa mkaa haupandi, na watu wanajibizana kwa ufupi. Kisha wingu linatanda kutoka upande wa ziwa, upepo unageuka ghafla, na harufu ya vumbi lililoguswa na maji inafika kabla ya mvua yenyewe. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia waliieleza harufu hiyo kwamba hutokana kwa sehemu na mafuta ya mimea yaliyonywewa na udongo na mawe wakati wa ukavu. Kiswahili hakina neno moja la harufu hiyo, wala hatuoni haja ya kulibuni. "Harufu ya mvua" inatosha na kila mtu anaielewa.

Dakika hizo chache kabla ya matone makubwa zina mafunzo ya vitenzi. Wanawake waliokuwa wameanika mahindi kwenye maturubai wanakimbilia kuanua. Kuanika na kuanua, jozi nzuri ya kauli ya kutenda na ya kutendua, ambayo tukiifundisha darasani kwa mifano ya kufunga na kufungua wanafunzi husinzia. Pale Kisenyi, mwanafunzi wetu mmoja aliitwa kwa sauti ashike pembe ya turubai, akaanua mahindi ya mama asiyemjua, na hajalisahau neno hilo mpaka leo. Watoto nao wanapanga ndoo na mabeseni chini ya michirizi ya paa ili kukinga maji. Na sisi tunakwenda kujikinga mvua. Tazama kitenzi hicho kimoja: ndoo inayakinga maji ili iyapate, na mtu anaikinga mvua ili asiipate.

Raha ya kwanza ya mvua mjini, na kwa maoni yetu ndiyo kubwa, ni baraza. Kampala ni jiji lenye haraka. Mvua ikishuka, haraka inakufa. Bodaboda wanaziegesha pikipiki chini ya vibaraza, wapita njia wanasongamana mbele ya maduka, na hakuna anayemfukuza mwenzake. Kuchelewa kazini kwa sababu ya mvua ni udhuru ambao mji mzima unaukubali. Basi watu wasiojuana wanasimama bega kwa bega kwa saa nzima, wakiongea. Waganda huita mahali hapo "olubalaza", na neno hilo lilitoka katika baraza yetu. Lilipanda kutoka pwani pamoja na "emmeeza", "eddirisa", "ssukaali" na "amabaati", na likaota mizizi. Tunapowaambia wanafunzi kwamba tangu utoto wamekuwa wakiongea Kiswahili bila kujua, baadhi hutabasamu na baadhi hukunja uso.

Wanaokunja uso wana sababu zao. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa kuwa kilikuwa lugha ya jeshi, wazee wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lakini hofu haiondolewi kwa tangazo. Mwanafunzi mmoja alitueleza kwamba nyumbani kwao bibi yake alikuwa akinyamaza kila akisikia Kiswahili. Huyo ndiye tuliyemkuta, mvua ikipiga mabati kwa kishindo, akibishana na mzee wa Kisomali juu ya nani anakoroga chai bora, Waganda au Wasomali. Walikuwa wakicheka. Mzee alimwita "binti yangu", naye akamwamkia "Shikamoo mzee", na mzee akacheka tena, kwa sababu Kisenyi salamu hiyo haisikiki mara nyingi. Alijibu kwa "Wa alaykum salaam".

Kuhusu chai, hatuna budi kukiri upendeleo. Chai ya Kisomali yenye iliki, mdalasini na tangawizi, ikinywewa na sambusa ya moto wakati maji yanatiririka barabarani, haina mpinzani. Wasomali huiita "shaah", na masikio hayahitaji kamusi. Hatua chache kutoka hapo kuna roleksi, yaani chapati iliyokunjwa pamoja na mayai ya kukaanga, na kuna "kikomando", chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe. Kuna gonja la kuchoma na mahindi mabichi ya kuchoma. Nyama choma huitwa "muchomo", nalo mwalimu wa Kiswahili halihitaji maelezo.

Neno lenye historia zaidi ni "posho". Kisenyi ni kitovu cha usagaji mahindi, na huko posho ni kile Mkenya na Mtanzania wanachokiita ugali. Katika Kiswahili sanifu posho ni mgawo wa chakula au fedha anaopewa mfanyakazi. Zamani za ukoloni vibarua, askari na wanafunzi wa bweni walipewa mgawo wao kwa unga wa mahindi, na jina la mgawo likahamia kwenye chakula chenyewe. Mwalimu mgeni kutoka Tanzania alipoambiwa na mwenyeji wake Kampala kwamba mchana atapata posho, alidhani analipwa.

Mwezi wa Novemba raha inakuja kwa mabawa. Hao ni senene, ambao Waganda huwaita "nsenene" na wakaupa mwezi huo jina la Musenene. Mvua za vuli zikikolea, huruka usiku kwa makundi na kufuata mwanga. Wategaji husimamisha mabati yanayong'aa kuzunguka taa kali, na senene wakigonga bati huteleza hadi ndani ya pipa. Asubuhi wauzaji hukaa Owino na vituo vya teksi wakinyonyoa mabawa na miguu kwa kasi ya ajabu. Hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, pamoja na kitunguu na chumvi. Wahaya wa Bukoba wanajua tunachosema. Ndugu zetu wa ukoo wa Nsenene hawawali kwa kuwa ni mwiko wao, nasi katika ziara huwapa sambusa.

Tusipake rangi. Mvua inayotupa sisi chai huwaingizia wengine maji machafu hadi kitandani. Mitaro iliyoziba kwa plastiki hufurika, vijana hubeba watu mgongoni kuwavusha madimbwi kwa malipo kidogo, na mama muuza nyanya akipoteza bidhaa ya siku hiyo amepoteza mtaji. Tulipowauliza wenyeji wanapenda nini katika masika, mmoja alitujibu kwamba anapenda ikatike usiku, kabla hajalala. Jibu hilo tuliliweka katika orodha ya raha, maana hata yeye alisema "napenda".

Mwishowe tuna deni la kukiri. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipiga mstari mwekundu kila mwanafunzi alipoandika "mvua ilinipiga". Tulisema ni Kiganda kilichovaa kanzu, kwa kuwa Waganda husema "enkuba enkubye", na kukuba ni kupiga. Tuliwataka waandike "nilinyeshewa". Kisha, barazani Kisenyi, dereva wa lori kutoka Mombasa akaingia akijikung'uta na kusema, "Leo nimepigwa na mvua vibaya sana!" Wanafunzi wetu wote walitugeukia. Hatukuwa na la kujibu. Kunyeshewa ni sahihi, na kupigwa na mvua ni sahihi vilevile, na waliopoteza alama zao miaka hiyo watusamehe.

Mvua ilipoanza kupungua, tukaona tuirudishe heshima yetu kwa neno la kamusini. Tukawaambia wanafunzi kwamba mvua ikiisha kunyesha husemwa "imepusa". Mama muuza chai, aliyekuwa akikusanya vikombe, akatuuliza neno hilo ni la wapi. Tukamwambia ni Kiswahili. Akatazama nje, akaona watu wanashuka barazani mmoja mmoja wakiruka madimbwi, akasema, "Sisi hapa tunasema imekatika. Lipeni chai, Mwalimu." Tulilipa, na siku iliyofuata tukayaandika yote mawili ubaoni.