Amechagua masomo, au shule imemchagulia?

Bila shaka unamjua kijana aliyepita vizuri mtihani wa kidato cha nne, kisha akaambiwa hawezi kusomea uhandisi kwa sababu hakufanya Fizikia. Huyo hakuwa mvivu wala mjinga. Mlango ulifungwa miaka miwili kabla ya mtihani, alipokuwa akimaliza kidato cha pili na kuulizwa ni masomo gani atakayoacha.

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, Kiingereza, Kiswahili na Hisabati yalikuwa ya lazima. Mwanafunzi alitakiwa aongeze angalau sayansi mbili na somo moja katika kundi la Historia, Jiografia na dini. Kwa aliyefanya masomo saba, lilibaki moja tu la kujichagulia.

Na hata hilo moja, mara nyingi shule ndiyo iliyoamua. Shule isiyo na karakana haitafundisha useremala. Isiyo na mwalimu wa Muziki haitafundisha Muziki, hata kama mtoto amezaliwa na kipaji. Katika shule nyingi ndogo za kutwa, uchaguzi ulikuwa kati ya Kilimo na Biashara, basi. Wengine walishauriwa waache Fizikia ili wasiishushe alama ya wastani ya shule.

Je, mambo yamebadilika? Kwenye karatasi, ndiyo. Katika mtaala mpya wa umilisi, mwanafunzi anayeingia gredi ya 10 huchagua njia moja kati ya tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Masomo manne ni ya lazima, nayo ni Kiingereza, Kiswahili au Lugha Ishara ya Kenya, Hisabati, na mafunzo ya huduma kwa jamii. Matatu ni ya hiari. Hisabati ilikuwa iwe ya hiari pia, lakini mwaka 2025, baada ya wananchi kulalamika, serikali iliirudisha kuwa ya lazima, ikiwa nzito kwa wanasayansi na nyepesi kwa wengine.

Hata hivyo, si kila shule iliyo na njia zote tatu. Uhuru wa mtoto wako unaishia pale walimu na maabara zinapoishia.

Kwa hivyo, mzazi, usingoje barua ya shule. Kwanza, keti na mwanao umuulize anapenda nini, kisha mtafute pamoja masomo yanayotakiwa na vyuo. Anayetaka udaktari, kwa mfano, hawezi kuikwepa Biolojia wala Kemia. Pili, nenda shuleni. Usitosheke na orodha ya masomo iliyobandikwa ukutani. Uliza: nani anafundisha somo hili? Maabara iko wapi? Mwaka jana ni wangapi walilifanya? Tatu, usimlazimishe asomee ndoto yako wewe.

Nawe mwanafunzi, usichague somo kwa sababu rafiki yako amelichagua, au kwa sababu mwalimu wake ni mcheshi. Mwalimu anaweza kuhamishwa muhula ujao, na wewe ubaki na somo.

Kuuliza leo hakugharimu kitu. Majuto ni mjukuu, na huja mlango ukishafungwa.