Mazuku Si Pepo

Ndugu msomaji, kama unakaa upande wa magharibi wa Goma, kule Lac Vert, Mugunga ao Bulengo mpaka kwenda Sake, hakuna haja nikufasirie neno mazuku. Unajua shimo moja katikati ya mawe ya volkano ambapo majani ni mabichi na mazuri, lakini mama mwenye akili hatumi mtoto kule asubuhi. Mbuzi anaingia, hatoki. Mbwa anamfuata mbuzi, naye analala. Hakuna moshi, hakuna damu, hakuna alama ya meno ya nyoka.

Nilipotoka shule ya Biblia na kupewa kanisa langu la kwanza, niliitwa kumzika mtoto wa miaka sita aliyekutwa amelala katika shimo la namna ile. Mama yake mkubwa ndiye alimtuma kutafuta majani ya sungura. Mbele ya jeneza watu wakaanza kunong'ona. "Baba Pasta, huyu mutoto hakufa bure. Ule mama iko na kitu." Sikuwakemea. Nilienda shimoni pamoja na wazee wawili, nikafukuza pepo kwa sauti kubwa. Tangu siku ile kila mtu akawa na hakika: kama pasta amefukuza pepo, basi pepo alikuwako, na kama pepo alikuwako, kuna aliyemtuma. Yule mama alihama kabla mwezi haujaisha. Ninaandika neno hili kwa haya, lakini ninaliandika.

Mambo niliyokuja kujua baadaye nimeyapata kwa wakemia, watu wa lile somo ambalo watoto wetu wanaliita shimi. Vijana wengi wanadhani ni somo la kukariri herufi tu ili kupita mtihani wa Serikali. Hapana. Tazama walivyomfuata huyu muuaji wa shimoni, mmoja baada ya mwingine, karibu miaka mia ine.

Wa kwanza ni Jan Baptist van Helmont, mganga wa Ubelgiji aliyekufa mwaka 1644. Alichoma makala, ratili 62. Ndiyo, makala kama yale ya mama zetu sokoni. Alipopima majivu akakuta ratili moja tu. Zile 61 zimeenda wapi? Wewe na mimi tungesema zimekwisha. Yeye akasema zimegeuka kitu kisichoonekana, akakipa jina "gas", neno alilotunga yeye mwenyewe. Akafahamu pia kwamba kitu kile kile kinatoka katika divai inayochacha, tena kinapatikana katika mapango fulani ambamo watu wanakufa. Maandiko yake yalitolewa kuwa kitabu na mwana wake, mwaka 1648.

Mia moja ya miaka ikapita. Huko Scotland, Joseph Black akachoma mawe ya chokaa, akapima uzito mbele na nyuma, na katika maandiko yake ya mwaka 1754 na 1756 akaonyesha kwamba jiwe linapoteza hewa ya namna ya pekee. Mshumaa ukiingizwa humo unazimika. Mnyama anakufa. Na ukipuliza pumzi yako mwenyewe katika maji safi ya chokaa, yanageuka meupe kama maziwa, kwa maana hewa ile ile inatoka katika kifua chako kila dakika! Mwalimu wa shimi anaweza kuwaonyesha jambo hili kwa chokaa kidogo na mrija.

Wa tatu ni mchungaji, na ninyi wasomaji mtanisamehe nikifurahi. Joseph Priestley alichunga kanisa katika mji wa Leeds, Uingereza, tangu mwaka 1767, na nyumba yake ilikuwa karibu na kiwanda cha pombe. (Mafundisho yake juu ya Utatu singeyahubiri hapa Goma.) Aliona kwamba juu ya pipa la pombe inayochacha kuna hewa nzito inayozima moto, inayolala pale kama blanketi. Akamimina maji kutoka kikombe hadi kikombe ndani ya hewa ile, maji yakaanza kutoa mapovu. Fanta unayopewa kwenye ndoa inatokana na kazi hiyo. Mwaka 1791 kundi la watu wenye hasira walichoma nyumba yake na vyombo vyake vya kupimia.

Hewa hiyo tunaiita leo hewa ukaa, ao CO2. Kwa uzito inapita hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo inashuka na kukaa chini kama maji katika beseni. Hapo njo siri ya mazuku. Chini ya ardhi yetu moto wa volkano unatoa hewa ukaa, inapanda katika nyufa za mawe na kujaa mahali palipo chini. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukiwa umetulia, shimo linajaa. Jua na upepo vikija, inapungua. Katika hewa tunayovuta kila siku hewa ukaa haifiki hata sehemu moja kwa mia. Katika mazuku wakemia wamepima zaidi ya kumi kwa mia, na penye kiasi kikubwa mtu anaanguka bila kupata nafasi ya kulia.

Walioyapima ni pamoja na watu wa hapa kwetu. Mwaka 2010 kikundi cha wataalamu, kati yao Benoît Smets, Daniele Tedesco wa Italia, na Mathieu Yalire wa Observatoire Volcanologique de Goma, walitoa andiko katika jarida la sayansi ya ardhi ya Afrika. Katika kichwa cha andiko lile limechapwa neno letu: mazuku. Wasomi wa Ulaya walichukua lile la bibi zetu. Wanalifasiri "upepo mbaya". Mimi ningeondoa "mbaya", maana upepo hauna nia.

Neno moja kwa wachimbaji. Hewa nzito inaweza kulala chini ya shimo la madini pia. Mwenzako akianguka, usishuke kumwinua. Wengi wamekufa wakimfuata ndugu. Mshumaa ukififia, toka. Lakini mshumaa haujui yote. Moshi wa motopompe una hewa nyingine, monoksidi ya kaboni, ambayo haizimi moto wala haina harufu, na inaua. Motopompe ikae inje, mbali na mdomo wa shimo.

Juu ya ziwa Kivu, lenye hewa ukaa nyingi sana kilindini, nitaandika siku ingine.

Nilipokwisha kuelewa mambo haya nilisafiri mpaka Minova, kumtafuta yule mama mkubwa. Nilimweleza kwamba hewa ile ni nzito, kwamba inakaa chini, kwamba haitumwi na mtu. Alisikiliza akitenga sambaza kwenye sahani. Kisha akauliza, "Na kama ningeenda miye mwenyewe?"

Nikamwambia ukweli: akisimama, kichwa chake pengine kingekuwa juu ya ile hewa, wakati cha mtoto kilikuwa ndani. Lakini angeinama kukata majani, tungezika wawili.

Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Baba Pasta, ulisali kule shimoni mbele ya watu. Haya maneno ya leo utayasema wapi?"

Niliyasema Siku ya Mungu iliyofuata, katika kanisa lile lile. Wawili kati ya wale walionong'ona walikuwa wamekaa mstari wa mbele.